Kanzidata inayojisimamia ndani ya chumba chetu: nani atabaki na kazi ipi?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Niko kwenye kampuni ya mikopo midogo hapa Dar es Salaam. Kanzidata yetu ni ya Oracle, ina kama GB 600, iko kwenye seva mbili ndani ya chumba chetu, ghorofa ya tatu, Kariakoo. Tulikuwa wasimamizi watatu, mmoja ameondoka. Bosi ametoka kuwasikiliza wauzaji, anasema tutaletewa raki (kabati la seva) ya mitambo, kanzidata ya wingu itakaa humu humu kwetu na itajisimamia yenyewe: itajiwekea viraka (marekebisho ya programu), itajichukulia chelezo (nakala za akiba), itajiongezea kasi. Anasema data haitatoka nchini na intaneti ikikatika hatutahisi. Je, kitu hiki kipo kweli? Intaneti ikikatika kama ile Mei 2024 itakuwaje? Na sisi wawili tutabaki na kazi?"*

Ndugu yangu, kitu hicho kipo. Lakini bosi wako ameambiwa mambo matatu kwa pumzi moja, na hayalingani uzito. Kwamba mitambo itakaa kwenu ni kweli kabisa. Kwamba kanzidata itajisimamia ni kweli kwa kazi fulani, tena zile zinazowachosha sana. Kwamba intaneti ikikatika hamtahisi, hapo pana nusu iliyoachwa. Wasiwasi wako nausoma hivi: mambo yakiharibika saa nane usiku, nani atakuwa na mamlaka ya kugusa mitambo, na je, atapatikana? Hilo liulizwe kabla ya bei.

Tuanze na kinachouzwa. Oracle walitangaza kanzidata yao inayojiendesha mwaka 2017, wakaanza kuiuza ndani ya wingu lao mwaka 2018, na mwaka 2020 wakaruhusu ikae kwenye jengo la mteja juu ya mitambo yao ya Exadata. Wengi wanadhani mitambo hiyo inanunuliwa. Hainunuliwi. Raki inabaki mali ya Oracle, nanyi mnalipia usajili wa miaka, kwa kawaida minne, na juu yake mnalipia nguvu ya prosesa mnayotumia. Robo raki ina seva mbili za kanzidata na tatu za hifadhi. Diski ikifa, kuibadilisha ni jukumu lao. Mfumo endeshi na tabaka lote la chini viko mikononi mwao. Nyinyi mnapewa akaunti ya msimamizi ndani ya kanzidata, lakini ile mamlaka ya juu kabisa mliyoizoea, ya kuingia kwenye seva na kugusa faili kwa mkono, hamnayo tena.

Wapo wengine kwenye soko hili. Microsoft wana huduma ya kusimamia kanzidata yao ya SQL Server kwenye seva zako kupitia Azure Arc, zana yao ya kusimamia seva zilizo nje ya wingu lao, Google wana kanzidata ya AlloyDB Omni, na ipo njia isiyo na ada ya leseni: kanzidata ya PostgreSQL inayolindwa na Patroni, programu ya kuhamisha uongozi seva kuu ikifa, au na CloudNativePG kama mnatumia Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi. Nitairudia njia hiyo mbele.

Sasa, inajisimamiaje? Kuna programu zinazozunguka bila kuchoka. Zinapima hali ilivyo, zinailinganisha na hali inayotakiwa, zikiona tofauti zinachukua hatua, kisha zinapima tena. Chukua faharasa, yaani orodha inayoisaidia kanzidata kufika kwenye data bila kupekua jedwali zima. Kila baada ya dakika 15, kazi ya nyuma inakusanya maswali ambayo programu zenu zimeyatuma kwenye kanzidata, inatafuta safuwima ambazo zingefaidika na faharasa, inaitengeneza ikiwa imefichwa ili isimwathiri mtu, kisha inayajaribu maswali yale yale. Ikithibitika kwamba yamekuwa mepesi, ndipo inaifichua itumike. Faharasa iliyokaa siku 373 bila kutumika inafutwa. Siku hizo zinazidi mwaka kidogo, kwa hiyo ripoti ya kufunga mwaka haikuti faharasa yake imeshaondolewa. Ni kazi nzuri, na inafanywa kwa uvumilivu ambao binadamu mwenye simu inayoita kila dakika hana.

Lakini angalia mahali inapokwama. Mifumo mingi ya mikopo ina kazi ya kufunga siku inayopita mkopo mmoja mmoja: inasoma salio, inakokotoa riba, inaandika, inathibitisha muamala, inahamia mkopo unaofuata. Mikopo 100,000 kwa maswali matano kila mmoja ni safari 500,000 kati ya seva ya programu na kanzidata. Safari moja ikichukua milisekunde 1 humo humo chumbani, hizo ni dakika 8 na ushee za kusubiri tu. Hakuna faharasa itakayopunguza idadi ya safari, kwa sababu safari hizo zimeandikwa ndani ya programu. Anayeweza kuziondoa ni mtu anayekaa na waandishi wa programu na kuwaambia kazi hii ifanyike kwa mafungu.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini si upumbavu kutaka kanzidata iwe karibu. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, ambako makampuni makubwa ya wingu yana vituo, ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 25, na njia halisi ya kebo ni ndefu zaidi. Mkiiacha programu Kariakoo na kuipeleka kanzidata huko, safari zile 500,000 zitachukua karibu saa tatu na nusu. Bosi wako hajakosea kutaka mitambo ikae nyumbani.

Sehemu ninayotaka uielewe kuliko zote ni kuhama kwa uongozi seva kuu inapokufa, maana hapo ndipo watu wanaponunua usalama ambao hawajaupata. Tuseme una kanzidata kuu na pacha wake anayenakili kila badiliko. Kuu ikinyamaza, pacha hawezi kujua kama mwenzake amekufa au ni waya tu umekatika. Akijitangaza kiongozi na kumbe yule wa kwanza yu hai na bado anapokea marejesho ya wateja, mnakuwa na madaftari mawili yanayoandikwa tofauti. Mafahari wawili hawakai zizi moja. Kwa hiyo mifumo hii huweka shahidi wa tatu. Kwenye Data Guard, mfumo wa Oracle wa kutunza pacha, shahidi huyo ni programu ndogo inayoziangalia zote mbili. Shahidi na pacha wote wakipoteza mawasiliano na kuu kwa muda uliowekwa, ambao usipobadilishwa ni sekunde 30, pacha anapandishwa. Na ile kuu, ikijikuta haimwoni shahidi wala pacha, inaacha yenyewe kupokea mabadiliko. Patroni inafika hapo hapo kwa njia ya akidi: kiongozi anashika ufunguo unaokwisha muda baada ya sekunde 30 asipouhuisha, na ufunguo wenyewe unatunzwa na seva tatu au tano ambazo lazima zaidi ya nusu zikubaliane.

Sasa jiulize: shahidi anakaa wapi? Nimeona vyumba vya seva ambamo kuu, pacha na shahidi viko raki moja, vinakunywa umeme wa UPS (betri ya dharura) moja. UPS ikifa, akidi nzima imekufa. Na ukiwa na majengo mawili tu, jengo lenye kura nyingi likizimika, lile lililobaki haliwezi kujipandisha lenyewe, wala halipaswi. Ili mashine iamue bila mtu inahitaji sehemu tatu zisizoanguka pamoja. Kwa kampuni ya Dar es Salaam hiyo inaweza kuwa Kariakoo, nafasi ya kukodi kwenye kituo cha data kama kile cha taifa cha Kijitonyama, na ya tatu nje ya mji.

Watu wengi hufikiria Dodoma, na ni wazo zuri. Ila kwa barabara ni kama kilomita 450, yaani zaidi ya milisekunde 4 kwenda na kurudi hata faiba ingenyooka. Mkitaka kila muamala usubiri hadi Dodoma ikiri kupokea, kazi yenu ya kufunga siku inayothibitisha mkopo mmoja mmoja itaongezeka dakika 7 au zaidi. Msipotaka kusubiri, Dodoma itakuwa nyuma kwa sekunde kadhaa, na siku ya maafa sekunde hizo zitapotea. Ningependekeza pacha wa kusubiriwa awe ndani ya mji, na yule wa Dodoma afuate nyuma. Malipo ya simu ya sekunde zile yanaweza kulinganishwa na kumbukumbu za kampuni za simu na kurudishwa. Fedha taslimu iliyopokelewa kaunta inahitaji risiti ya karatasi. Lijadilini hilo na mhasibu mkuu, maana si uamuzi wa watu wa kompyuta peke yao.

Turudi kwenye intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Raki ya wingu iliyo kwenu inafanya kazi hivi: data na kanzidata ziko humo ndani, lakini sehemu ya kutoa amri iko kwenye wingu la muuzaji, nje ya nchi, na raki inaifikia kwa njia iliyosimbwa (iliyofungwa kwa msimbo wa siri) inayotoka kwenu kwenda kwake. Njia hiyo ikikatika, kanzidata inaendelea kuhudumia. Matawi yenu ya mjini yataendelea kuingia, kwa sababu faiba ya Mbagala hadi Kariakoo haipiti baharini. Hapo muuzaji amesema kweli. Alichoacha kusema ni kwamba kwa muda wote huo hamtaweza kuunda kanzidata mpya wala kuongeza prosesa kupitia ukurasa wao, viraka vitasubiri, na wahandisi wao hawataona kinachoendelea ndani ya raki yenu. Kitu kikiharibika siku hizo, mko na mitambo ambayo hamna ruhusa ya kuifungua, na mwenye ruhusa haifikii. Ombeni jibu la maandishi: njia ikikatika wiki nzima, nani anafanya nini? Tena kuwa na kampuni mbili za intaneti hakutoshi kama zote mbili zinapita kebo ile ile. Waulizeni njia zao zinatokea wapi.

Kuhusu data kutotoka nchini, tofautisha kanzidata na vinavyoizunguka. Majedwali yenye majina na namba za NIDA za wakopaji yatabaki kwenye raki. Vipimo vya hali ya mitambo vitatoka, na hivyo kwa kawaida havina taarifa za wateja. Panapowaponza watu ni chelezo. Mtu anabofya chaguo la kuzihifadhi kwenye wingu, na data yote inavuka mpaka usiku huo huo, hata kama imesimbwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na Tume yake ndiyo ya kuulizwa. Nanyi kama kampuni ya mikopo midogo mko pia chini ya macho ya Benki Kuu. Elekezeni chelezo kwenye hifadhi yenu wenyewe, na funguo za kusimbua zikae kwenye mtambo wa funguo mnaoumiliki nyinyi. Mwenye funguo ndiye mwenye data.

Viraka nitavisemea kwa ufupi. Huja kila robo mwaka, mnachagua siku na saa, mnaweza kusogeza lakini hamwezi kukataa milele. Seva moja inawekewa kiraka huku nyingine ikihudumia, kwa hiyo kanzidata haizimwi. Lakini miunganisho ya programu inahamishwa, na programu isiyojua kuunganika upya itawatupia makarani ujumbe wa kosa. Lijaribuni hilo kwenye mfumo wenu kabla ya kusaini chochote.

Kisha kuna chumba chenyewe, ambacho hakuna kanzidata inayokisimamia. Ghorofa ya tatu Kariakoo: sakafu inabeba uzito wa raki iliyojaa? Umeme wa TANESCO ukikatika, jenereta inachukua sekunde ngapi kuwaka, na betri zinabeba muda gani ikigoma? Kiyoyozi kimeunganishwa na jenereta, au seva zinabaki zinawaka ndani ya joto la Februari? Na unyevu wenye chumvi wa pwani yetu hula viunganishi vya chuma polepole pasipo kichujio cha hewa. Mkataba wa asilimia 99.95 maana yake ni hadi saa 4 na dakika 23 za kukatika kwa mwaka, lakini chumba chenu kikizima, msitegemee saa hizo zihesabiwe juu ya muuzaji.

Mngefanya nini basi? Kwa GB 600 na kampuni ya ukubwa wenu, mimi nisingesaini mkataba wa miaka minne mwaka huu. Raki ya Exadata inalipa pale mnapokuwa na kanzidata nyingi za kuzikusanya mahali pamoja, au miamala mizito kiasi kwamba seva za kawaida zimeshindwa. Hujaniambia mnalo tatizo hilo; umeniambia mtu mmoja ameondoka. Tena ankara ya huduma hizi hupangwa kwa dola wakati wakopaji wenu wanarejesha kwa shilingi.

PostgreSQL na Patroni ni imara na ningeipendekeza kwa mfumo mpya. Kwenu, kila mstari wa mantiki ulioandikwa ndani ya Oracle utalazimika kuandikwa upya na kujaribiwa, na wasimamizi wawili hawawezi kulibeba hilo huku wakiendesha kampuni. Msikimbilie huko kwa sababu ya leseni tu.

Njia ninayoiona inawafaa ni ya katikati: bakini na Oracle mliyonayo, wekeni pacha kwenye nafasi ya kukodi hapa mjini, na shahidi mahali pa tatu. Angalieni leseni yenu kwanza, maana Data Guard iko kwenye toleo la Enterprise na haimo kwenye Standard Edition 2. Mkiwa na hiyo ndogo, mtahitaji zana ya kampuni nyingine ya kusafirisha kumbukumbu za miamala. Chelezo na uangalizi vyote vifanywe na programu, kwa ratiba. Baada ya mwaka mtakuwa na takwimu zenu wenyewe za kumwonyesha bosi, na raki bado itakuwa inauzwa.

Lakini kabla ya yote hayo, wiki hii, rejesheni chelezo yenu. Chukueni seva ya pembeni, hata ya kuazima, ambayo haijawahi kuiona kanzidata yenu. Msimamizi mmoja afanye kazi peke yake kwa kufuata maandishi, mwingine akae na saa na daftari bila kusaidia. Andikeni muda wa kunakili faili, muda wa kurudia kumbukumbu za miamala, na kila mahali alipokwama: nenosiri lililokuwa kichwani mwa yule aliyeondoka, faili ya funguo ambayo haikuchukuliwa kwenye chelezo, njia ya diski iliyoandikwa vibaya. Kisha mhasibu achague wateja kumi na kulinganisha salio lao na ripoti ya siku ile. Chelezo ambayo haijarejeshwa haihesabiki, hata kama kila asubuhi mnapata barua pepe ya kijani inayosema imefanikiwa.

Kuhusu kazi zenu, nakujibu wazi: kazi ya kukesha kuweka viraka na kuangalia nafasi ya diski itapungua mkichagua njia yoyote kati ya hizi, na msiililie. Inayobaki ni kuamua nani aone nini, kusoma programu inayotuma maswali 500,000, kupanga data ikae wapi, na kumzuia mtu asifute jedwali la marejesho kwa bahati mbaya. Amri halali ya kufuta, mashine itaitii, na pacha atainakili papo hapo. Mwambie bosi pia ajaze nafasi ya yule aliyeondoka. Wawili hawatoshi kupokezana zamu za usiku mwaka mzima, na mmoja akiugua mnabaki na mmoja.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatayatatua. Mhandisi wa majengo na fundi umeme aliyesajiliwa waje wapime sakafu, nyaya na kiyoyozi kabla raki yoyote haijapanda ngazi. Mkataba usomwe na mwanasheria anayejua sheria ya taarifa binafsi, hasa vipengele vya kuvunja mkataba, kufutwa kwa diski raki ikiondoka, na nani anaruhusiwa kuingia kwa mbali. Na jaribio la kurejesha likishindikana, au mkiona makosa ya faili zilizoharibika kwenye kumbukumbu za kanzidata, msijaribu amri mlizookota mtandaoni. Simamisheni uandishi, nakilini diski zote kama zilivyo, kisha mwiteni mtaalamu akae nanyi mbele ya mashine siku hiyo hiyo. Mpeni nakala hizo, toleo kamili la kanzidata, na orodha ya kila amri iliyokwisha kuandikwa tangu tatizo lianze.